Kwa Mama Wambo Hakuna Kushika

Vumbi likiungua ndani ya televisheni ya zamani hutoa harufu ambayo hakuna manukato yanayoweza kuifunika. Juzi nilimpelekea fundi mmoja wa hapa Njiru televisheni ya marehemu baba, ile ya mgongo mrefu, kwa sababu mama amekataa katakata niitupe. Fundi akaichomeka kwenye umeme, akaipiga kofi ubavuni, ikaguna, ikawaka. Haikuchukua muda ile harufu ikatoka: vumbi, plastiki ya moto, na kwa mbali kitu kama waya unaotaka kuungua lakini bado unafikiria. Fundi alikuwa ananieleza sijui kifaa gani kimekufa mle ndani. Sikumsikia. Nilikuwa nimesharudi Jericho, mtaa wa Nairobi nilikokulia, nimebanwa kwenye benchi kati ya watoto wanaonuka jasho la shule, na hasira zimenijaa mpaka masikioni.

Naam, hasira. Wenzangu wakikumbuka utoto wao hutabasamu, macho yakalegea. Mimi nikikumbuka gemu za kwa Mama Wambo natafuta kitu cha kupiga teke. Hebu nikusimulie, halafu uniambie kama mwenye wazimu ni mimi.

Mama Wambo alikuwa jirani yetu, kwenye zile nyumba za kaunsili ya jiji ambamo ulijua jirani anapika nini kwa kusikiliza tu mwiko wake. Asubuhi alikuwa mama wa mandazi. Mchana, baada ya kukunja meza na kutoa sufuria ya mafuta uani, chumba chake cha mbele kiligeuka nyumba ya gemu: televisheni moja, mashine moja, padi mbili, stuli mbili, na benchi la kanisa ambalo hakuna aliyejua lilitoka kanisa gani. Padi, kwa wasiojua, ni kile kidude cha kushika mikononi chenye vitufe vya kufinya. Padi za kwa Mama Wambo ziliteleza mafuta mwaka mzima. Alikuwa anasimama mlangoni na leso yake kiunoni, "Leta mikono! Geuza!" na mwenye vidole vya mafuta alirudishwa bombani bila huruma. Bado padi ziliteleza. Mimi nashuku mafuta yalikuwa yake mwenyewe, lakini nani angemwambia?

Gemu tuliyoipenda ilikuwa ya kupigana. Wewe una mpiganaji wako upande huu, mwenzako ana wake upande ule, na juu ya kioo kila mmoja ana mstari wa uhai unaopungua akipigwa. Ukiisha, umekwisha. Katikati kuna saa inayorudi nyuma, na ikifika mwisho, aliyebaki na uhai mwingi ndiye mshindi. Mshindi anabaki kwenye stuli, aliyeshindwa anainuka, anayefuata anakaa. Ilikuwa hivyo katika mitaa yote ya Eastlands. Hakuna aliyetufundisha, tulizaliwa tukajua.

Wengi wetu tulikuwa wafinyaji. Mfinyaji hana mpango. Anafinya kila kitufe kwa vidole vyote, ulimi nje, mabega juu, akiomba Mungu kitu kitoke. Na kitu kilikuwa kinatoka kweli, hapo ndipo utamu. Kulikuwa na ndugu yangu mdogo, Bonny, wakati huo hata meno ya mbele hana, aliyekuwa anafinya huku amefumba macho, na siku nyingine anamshinda kijana wa darasa la nane. Chumba kizima kilikuwa kinasimama. Bonny anafumbua macho na kuuliza, "Nimeshinda?" Tunamwambia umeshinda, anashangilia upya peke yake.

Mimi nilikuwa mfinyaji pia, mpaka siku nilipoanza kuona. Sijui nikueleze vipi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilikuwa naamka mapema kumsaidia Mama Wambo kupanga mandazi kwenye ndoo. Kama shukrani, akiwa bado anakaanga, alikuwa anatuachia mashine mimi na Bonny. Saa hiyo hakuna kelele, hakuna foleni, hakuna wa kukusukuma kiwiko. Ndipo nikagundua kwamba mle ndani mna akili. Anayepiga ovyo, jikinge, atajiacha wazi mwenyewe, kisha umrudishie. Anayejikinga wakati wote, msogelee, finya vitufe viwili pamoja, umshike na kumbwaga chini, maana kujikinga hakuzuii kushikwa. Na anayekuja kukushika, mpige kabla hajafika, au akikufikia, nawe finya vile vile viwili papo hapo, unajinasua. Kila kitu kina dawa yake, na hiyo dawa nayo ina dawa yake. Asubuhi hizo nilikuwa namwambia Bonny anishike, nami najinasua, mpaka anachoka na kuomba andazi.

Baba yangu, aliyekuwa karani wa reli, alicheza drafti kila Jumapili nje ya duka la muuza makaa, kwa vizibo vya soda. Nilipomweleza ugunduzi wangu alinisikiliza kwa heshima zote, ingawa gemu hakuijua hata kidogo. "Kumbe ni kama drafti," alisema. "Ukiniachia, nakula. Usiponiachia, nakulazimisha uniachie." Nikaruka kwa furaha. Ndiyo, Baba! Ni hivyo hivyo!

Sasa sikia ilivyoharibika. Kwa Mama Wambo hakuna kushika.

Ndiyo ilikuwa sheria, na ilikuwa moja tu. Piga upendavyo, ruka, teleza, tukana kidogo kama yeye hasikii, lakini usimshike mwenzako ukambwaga. Ukishika, chumba kizima kinalipuka, "Ameshika! Ameshika!" Wanakuonyesha vidole kama umeiba, na Mama Wambo anakuinua kwenye stuli hata kama ulikuwa unashinda. Nilipokuwa mfinyaji sikuijali hiyo sheria. Mfinyaji hashiki ila kwa bahati mbaya. Lakini sasa macho yamefunguka, na kati ya kupiga, kujikinga na kushika, kimoja nimenyang'anywa. Jaribu kucheza drafti ambayo kula ni haramu. Baba alisema hiyo si drafti, ni kupanga vizibo.

Na unajua nani alinufaika? Ukuta. Jina lake hasa lilikuwa Kamau, mtoto wa fundi viatu, mrefu, mpole, shati ndani ya kaptura hata siku za likizo. Tulimwita Ukuta kwa sababu mchezo wake wote ulikuwa huu: anakupiga ngumi moja mwanzoni, moja tu, kisha anarudi nyuma, anajikinga, na hatoki hapo tena. Unapiga juu, amejikinga. Unapiga chini, amejikinga. Saa inakwenda, inakwenda, inaisha. Ukuta ameshinda kwa ile ngumi moja. Alikaa kwenye ile stuli mchana kutwa, Jumatatu hadi Jumatatu. Kila mtoto wa Jericho alimwona ni bingwa. Mimi nilimwona mtu aliyelala huku amekaa.

"Hachezi!" nilikuwa nalalamika. "Anajikinga tu!"

"Si umtoe basi," watoto walijibu.

Nitamtoaje, na kinachomtoa kimekatazwa? Nilikuwa nauliza hivyo kila siku, na kila siku Mama Wambo alinijibu kwa methali ile ile, akiwa hata hanitazami: "Asiyekubali kushindwa si mshindani, Adhis." Mpaka leo nikiisikia ile methali kwenye mkutano wowote naangalia pembeni.

Basi mwaka huo, likizo ya Agosti ikikaribia, kukatokea jambo. Kulikuwa na kijana mmoja wa Maringo, mtaa wa jirani, jina lake Sande, naye alikuwa na chumba cha gemu. Kukatoka gemu mpya ya kupigana, na kila mtoto aliisikia kabla hajaiona. Sande na Mama Wambo wakaungana kununua diski moja, kwa kuwa hakuna aliyeimudu peke yake. Wakakubaliana kila mtaa utoe mchezaji mmoja, wapigane kwenye gemu ya zamani kule kwa Sande, na mtaa utakaoshinda ukae na diski likizo nzima. Kila mtu alielewa maana yake. Diski ikienda Maringo, watoto wataifuata Maringo, na Mama Wambo atabaki na benchi lake.

Nililitaka lile pambano kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Sikutaka diski hata. Nilitaka kukaa kwenye stuli mbele ya mtu asiyenijua, watoto wa mitaa miwili wakiwa nyuma yangu, nikacheza ile gemu yote niliyokuwa nimeiona asubuhi zile, si nusu yake. Usiku nilikuwa nafinya shuka. Mama alifikiri nina homa.

Mama Wambo akapanga mashindano ya kumtafuta wa kwenda. Nikawatoa wafinyaji mmoja mmoja, hata Bonny, aliyenichukia mpaka chakula cha jioni. Mwisho tukabaki wawili, mimi na Ukuta.

Akanipiga ngumi yake moja. Akarudi nyuma. Akajikinga.

Nikapiga vyote ninavyovijua. Nikaruka nyuma yake, akageuka. Nikajifanya nimekosea ili atoke anipige, hakutoka. Nilikuwa nasikia benchi zima linapumua. Saa juu ya kioo ilikuwa imebaki kidogo sana, na yeye yuko pale pale, ametulia, mpole, shati ndani ya kaptura. Nikamsogelea mpaka pua kwa pua. Na vidole vyangu, haki ya nani, sikuvituma, vikafinya viwili pamoja. Mpiganaji wangu akamshika wa Ukuta kiunoni, akamzungusha, akambwaga chini kwa kishindo mpaka kioo kikatikisika. Mstari wake ukashuka chini ya wangu, saa ikaisha. Nilikuwa nimeshinda. Lilikuwa jambo zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona kwenye ile televisheni.

"Ameshika! Ameshika! Mama Wambo, Adhis ameshika!"

Akaja na kijiko chake cha matundu, kinadondosha mafuta. "Nani ameshika?"

"Adhis!"

"Inuka, mwanangu."

"Lakini Mama Wambo, hachezi! Amekaa tu! Mwangalie!"

"Inuka. Sheria unaijua."

Nikainuka. Nikatoka nje, nikaenda nyuma ya choo cha ploti nikalia kwa sauti ambayo naambiwa ilisikika mpaka sokoni. Baba alinikuta pale. Alikaa tu karibu nami juu ya ndoo iliyogeuzwa mpaka nikanyamaza.

Jumamosi ikafika, tukaenda Maringo kundi zima kwa miguu. Ukuta alitembea katikati kama bwana harusi, wadogo wanambebea sweta. Mcheza kwao hutunzwa, na yeye alikuwa ametunzwa sana. Kwa Sande kulijaa mpaka watoto wamekaa dirishani. Mchezaji wao alikuwa anaitwa Oti, kijana mfupi, mkimya, kucha zimetafunwa. Nilipoona anavyoishika padi yake, kwa ncha za vidole, bila kuikaba, nikajua huyu ameona nilichokiona mimi.

Pambano likaanza. Ukuta akapiga ngumi yake moja. Watu wa Jericho tukashangilia. Akarudi nyuma, akajikinga.

Oti akatembea. Hakukimbia, hakuruka. Akatembea mpaka alipo, akamshika, akambwaga.

Ukuta akaweka padi magotini, akamgeukia Sande, na kwa sauti yake ile ya adabu akasema, "Ameshika."

Nadhani watu wa Maringo walifikiri hawakusikia vizuri.

"Eh?" Sande akasema.

"Ameshika. Si mmeona? Lazima ainuke."

Wacha watu wacheke! Walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka dirishani. "Sasa, boss," Sande akasema huku anajifuta machozi, "kushika si ndiyo gemu yenyewe? Kwenu mnacheza nini, kalongolongo ya watoto?"

Ukuta akamtazama Mama Wambo. Watoto wetu wote wakamtazama Mama Wambo. Ndipo nilipoelewa kitu cha kutisha: hawakujua. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kwamba ile sheria ni ya chumba kile tu. Walidhani waliotengeneza gemu, huko kwao mbali, ndio waliokataza kushika, na kwamba dunia nzima ukishika unainuliwa. Walikuwa wamekulia humo. Mimi mwenyewe ningedhani hivyo, kama si zile asubuhi na Bonny.

"Cheza tu, Kamau," Mama Wambo akamwambia polepole.

Akacheza. Akajikinga, akashikwa. Akajikinga, akashikwa. Alikuwa hajui jingine. Mimi nyuma nikashindwa kuvumilia, nikapiga kelele, "Ukuta! Akikushika finya viwili pamoja! Pamoja!" Akajaribu, maskini. Lakini kidole ambacho hakijawahi kufanya jambo hakilijui kwa kuambiwa. Alifinya akiwa ameshabwagwa.

Nikamvuta Mama Wambo leso. "Nikae mimi. Niambie nikae mimi, naweza, najua dawa yake, haki naijua!"

Alinitazama. Nitakwambia ukweli, kwa muda kidogo niliona anafikiria. Kisha akatikisa kichwa. "Ukuta ndiye tuliyemleta. Hatuwezi kumwinua mbele za watu."

Basi nikasimama pale, dawa mkononi, nikimtazama mgonjwa anakufa. Ilipokwisha, Ukuta aliiweka padi chini taratibu, akasema asante kwa Sande, akatoka. Hakuna aliyembebea sweta. Diski ikabaki Maringo.

Njiani watoto walisema Maringo ni wezi. Wote, kwa sauti moja. Mimi sikuwa nimewakasirikia Maringo. Tulipofika, nikamfuata Mama Wambo mpaka mlangoni kwake.

"Ondoa hiyo sheria," nikamwambia, bila hata salamu.

"Hapa kwangu hakuna kushika."

"Si umeona yaliyotukuta!"

"Nimeona."

"Sasa?"

"Sasa nenda nyumbani, mama yako anakutafuta." Akafunga mlango. Nilipiga ule mlango teke, na kidole changu kikavimba wiki nzima.

Likizo hiyo nilihamia Maringo. Nilienda kila siku, na Bonny nyuma yangu. Wa kwanza kunikalisha alikuwa Oti, akanibwaga mpaka nikaona haya. Lakini nilikuwa najifunza kila siku, na yeye anajifunza dhidi yangu, na ikafika wiki tukawa tunachezea kitu ambacho waliokaa nyuma yetu hawakukiona tena, kama mazungumzo ya watu wawili kwa lugha yao. Nilifurahi. Nisiseme uongo, nilifurahi kupita kiasi.

Bonny hakufurahi. Kwa Sande wadogo walikuwa wanasimama ukutani, maana ukikaa na wale wakubwa unainuka kabla hujapata joto la stuli. Siku moja nilimlazimisha akae. Akafumba macho yake, akafinya, na yule aliyekuwa naye akamshika, akambwaga, akamshika, akambwaga, mpaka mwisho. Bonny akaiweka padi chini kwa mikono miwili, akasema, "Mimi nitakuwa nje." Kesho yake hakuja. Alirudi kwa Mama Wambo, kwenye gemu ya zamani, na jioni nilikuwa namsikia kutoka kwetu akiuliza, "Nimeshinda?"

Likizo ilipoisha tulikuwa tumebaki wachache sana kwa Sande, sisi wenye vidole. Wengine waliacha kuja mmoja mmoja, na sisi wenyewe tukaanza kuchokana, maana nikikaa na Oti najua atafanya nini kabla yeye hajajua. Muda mfupi baadaye Sande akauza mashine na kuweka kiti cha kinyozi. Mimi nikasema Maringo hawana bahati ya biashara. Ndivyo nilivyoelewa mambo wakati huo, na nilikuwa na hakika kabisa.

Ofisini ninapofanya kazi siku hizi kuna vijana wanaobishana kuhusu gemu mpya ya kupigana. Wanasema imewekewa njia rahisi: unafinya kitufe kimoja na mpiganaji wako anatoa pigo ambalo zamani ungelifanyia mazoezi mpaka vidole viote sugu. Mmoja anasema huko ni kuua ufundi, gemu itakosa kina. Mwenzake anasema bila hivyo mgeni atakaa mara moja, apigwe, asirudi tena, na nyinyi mafundi mtabaki mnapigana wenyewe kwa wenyewe mpaka mzeeke. Wanabishana saa nzima. Mimi huwa nainamia chai yangu. Nikifungua mdomo pale, kazi ya siku hiyo haitafanyika.

Mama Wambo nilikutana naye soko la Kariokor, mwaka jana, nilipokwenda kutafuta mkanda. Ana kibanda cha viatu vya akala, vile vya matairi, na vingine vya shanga, amezeeka, lakini sauti ni ile ile. Alinitambua kabla sijamtambua. Akanikalisha kwenye stuli, akaagiza chai, akauliza habari za mama, akanipa pole za baba. Kisha, sijui shetani gani alinisukuma, mtu mzima na mkoba wangu, nikamwambia, "Mama Wambo, ile sheria yako ya kushika ilininyima raha ya utoto wangu."

Akacheka, akadhani natania. Alipoona uso wangu akaacha.

"Wewe huikumbuki ilivyoanza?"

"Ilianzaje? Ilikuwepo siku zote."

"Siku zote wapi! Nilipofungua, watu walikuwa wanashika tu. Ulikuja siku ya kwanza ukiwa mdogo hivi," akaonyesha kimo cha stuli aliyokalia mbele yangu, "hata miguu haifiki chini. Kijana mmoja mkubwa, walihama baadaye, akakaa kucheza nawe. Akawa anakubwaga tu, anakubwaga, watu wanacheka. Ulilia, Adhis, ulilia mpaka ukatapika mandazi kwenye padi yangu. Ukaacha kuja. Kila siku nakuona umesimama pale kwa bomba, unaangalia mlango wangu, huingii. Nikasema aka, hapa hakuna kushika tena. Nikatuma mtu akakuite. Ukaja, ukakaa, ukafinya ovyo ovyo, ukashinda mtu. Ulirukaruka mpaka ukavunja kikombe."

Sikumbuki. Nimejaribu tangu siku hiyo, nikafumba macho kabisa, sikumbuki bomba, sikumbuki matapishi, sikumbuki kikombe. Nimekumbuka kila kitu cha chumba kile isipokuwa namna nilivyoingia.

"Lakini nilikua," nikamwambia, na niliisikia sauti yangu, ilikuwa ya yule mtoto wa mlangoni. "Nilikua, Mama Wambo. Mbona hukuiondoa nilipokua?"

Akachukua kiatu, akakipangusa kwa leso ingawa kilikuwa safi. "Wewe ulikua. Lakini kila likizo kulikuwa na mwingine amesimama pale kwa bomba."

Nilitaka kumbishia, na hoja ninazo, nimezitayarisha miaka yote hiyo: kwamba ilitutia aibu Maringo, kwamba ilimharibu Ukuta, kwamba mtoto akishakua lazima aachiwe mchezo mzima. Zote ni za kweli. Nazisimamia mpaka leo. Lakini kila nilipotaka kuanza nilimwona Bonny anaiweka padi chini kwa mikono miwili.

Nikanunua mkanda. Akanipunguzia bila kuombwa, akanishika mkono kwa muda mrefu, akanituma nimsalimie mama. Nilitembea mpaka barabarani nikiwa nimekasirika vibaya sana, na sikuwa na wa kumkasirikia. Nilikuwa na mtu wa kulaumu kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu, nikimtunza vizuri, na Mama Wambo mwenyewe ameninyang'anya mtu huyo kwa kikombe kimoja cha chai. Hilo ndilo linalonikera sasa, kuliko hata diski kubaki Maringo.